Kocha, nimeanza kuichukia baiskeli yangu

SWALI: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 41. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mbio, na miezi ya mwanzo nilikuwa kama mtoto: nikitoka kazini nabadili nguo tu, naondoka. Halafu nikanunua saa inayopima kila kitu. Tangu hapo kila nikitoka, natoka kujipima. Nina njia yangu ya kilomita 30, kwenda 15 na kurudi 15, na kila siku naimaliza kwa nguvu zangu zote nikitafuta wastani wa kilomita 28 kwa saa. Huu mwezi wa tano niko kwenye 26, siku nyingine 25. Juzi nimerudi nimenuna, mke wangu akaniuliza, "Hivi hiyo baiskeli bado unaipenda?" Nilikosa jibu. Nataka kujua kama napiga hatua, na nataka raha yangu irudi. Vyote viwili vinawezekana?
Mnyongaji Aliyechoka

JIBU: Ndugu yangu, vinawezekana, tena kimoja kinamvuta mwenzake. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu hapo ulipo nimeshawahi kukaa. Nilipokuwa na miaka 33 nilikuwa na daftari la jalada gumu, na kila safari niliandika humo namba moja tu: kasi ya wastani. Asubuhi moja rafiki yangu niliyekuwa naendesha naye aliona kundi la korongo limetua kwenye kinamasi kando ya barabara. Akapiga breki, akaniita. Nilimsikia vizuri. Nikaangalia saa, nikaendelea kunyonga. Siku ile wastani wangu ulikuwa mzuri kuliko wote katika daftari, na korongo sikuwaona. Wiki tatu baadaye niliiegemeza baiskeli ukutani, ikakaa hapo miezi minne mpaka tairi zote mbili zikaisha upepo.

Tuanze na namba yenyewe, maana imekuonea. Kasi ya wastani haikupimi wewe peke yako. Inapima pia upepo, joto, taa za barabarani, lori lililokupita likakuvutia hewa, hata suruali inayopepea. Fanya hesabu hii kwa njia yako hiyo hiyo. Tuseme siku tulivu unakwenda kwa 30 na kurudi kwa 30; umemaliza kwa saa moja kamili. Siku ya upepo, kwa jasho lile lile, unakwenda kwa 20 upepo ukiwa usoni, unarudi kwa 40 upepo ukiwa mgongoni. Wengi hudhani vinafidiana. Havifidiani. Kwenda umetumia dakika 45, kurudi dakika 22 na nusu, na wastani wako umeshuka hadi 26.7. Miguu ni ile ile.

Kuna na jambo la pili, hili zito zaidi. Nguvu unayohitaji kuikata hewa haipandi sambamba na kasi. Inapanda kwa kipeo cha tatu, yaani kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Kutoka 26 kwenda 28 inaonekana ni kilomita mbili tu, lakini upande wa hewa unadaiwa karibu robo nzima ya nguvu zaidi. Sasa geuza: kama katika miezi hii mitano umeongeza nguvu kwa asilimia 10, na kwa mtu wa mwaka wa kwanza hilo linawezekana kabisa, saa yako ingeonyesha kama 26.8 badala ya 26. Upepo mdogo tu wa jioni unalimeza hilo lote. Inawezekana kabisa umekuwa ukipiga hatua na kujilaumu kwa wakati mmoja. Hilo ndilo lililoniuma katika barua yako.

Hata mabingwa wanalijua hili. Eddy Merckx alipotaka kuvunja rekodi ya saa moja, yaani ya umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja, mwaka 1972, hakufanya hivyo kwao Ubelgiji. Alikwenda Mexico City, juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, akakimbia kilomita 49.431. Mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia akafikisha kilomita 56.792 katika uwanja wa ndani huko Grenchen, Uswisi. Ukizitazama namba hizo mbili bila kitu kingine utadhani miguu ya Ganna inamzidi Merckx kwa kilomita saba. Lakini baiskeli, mavazi, mkao na uwanja vyote vilikuwa tofauti. Kasi peke yake haisemi.

Basi jipime wapi? Mlimani. Kwenye kipando hewa inapungua umuhimu kwa sababu unakwenda taratibu, na kazi kubwa inakuwa kuubeba uzito wako kwenda juu. Uzito hausikilizi upepo. Tafuta kipando cha dakika 5 hadi 10, chenye mwinuko usiobadilika sana, kisicho na makutano wala kona za hatari. Chagua alama mbili ambazo hazitahama: nguzo ya umeme chini, daraja au jiwe juu.

Nikuonyeshe thamani yake. Tuseme wewe na baiskeli yako na maji yako mna kilo 80, na kipando kinapanda mita 100. Ukikipanda kwa dakika 6, nguvu iliyokwenda kwenye kupandisha uzito tu ni wati 218. Wiki sita baadaye ukikipanda kwa dakika 5 na sekunde 40, ni wati 231. Sekunde 20 hizo ni karibu asilimia 6 ya nguvu, na umezipata kwa saa ya kawaida, bila kununua kifaa cha kupima wati. (Hewa na msuguano wa tairi huongeza kidogo juu ya hapo, lakini huongeza mara zote mbili, kwa hiyo ulinganisho unabaki wa haki.)

Namna ya kuufanya. Siku mbili kabla, endesha kidogo au pumzika. Tairi zijae kiasi kile kile kila mara, chupa ya maji iwe moja, na usile mlo mzito saa mbili kabla. Pasha mwili dakika 20, ndani yake uweke michomoko mifupi mitatu ili mapafu yasishtuke. Kisha anza, na hapa ndipo watu wanapoharibu: dakika ya kwanza wanaruka kama wanafukuzwa. Dakika ya kwanza inatakiwa ikuhisishe kwamba unajibana. Ukifika robo ya njia unapaswa bado kuweza kusema neno moja moja. Nusu ya njia maneno yameisha, unasikia pumzi yako tu na mnyororo. Robo ya mwisho mikono itataka kuikaba hendeli. Ilegeze, maana mkono uliokaza unakula nguvu bila kusukuma kitu. Ukivuka alama ya juu, usisimame ghafla. Nyonga gia nyepesi, tazama mapigo ya moyo pale ulipovuka, yatazame tena baada ya dakika moja, uandike yote mawili. Tofauti ya hizo namba mbili huwa inakua kadiri moyo unavyoimarika, na mimi huipenda kuliko muda wenyewe.

Kama huna mlima karibu, tumia baiskeli ya kusimama ya mazoezi inayoonyesha wati. Kipimo kilichozoeleka ni cha dakika 20: unanyonga kwa nguvu kubwa unayoweza kuidumisha bila kupungua, unachukua wastani wa wati, unazidisha kwa 0.95. Ukipata 240, kizingiti chako kinakadiriwa kuwa 228, yaani nguvu unayoweza kuibeba kwa kitu kama saa nzima kabla mwili haujaanza kukusaliti. Kipo pia kipimo cha ngazi, ambapo mzigo unaongezwa kila dakika mpaka miguu igome, kisha unachukua asilimia 75 ya wati za dakika yako bora. Kwa anayeanza hiki cha ngazi ni rafiki zaidi, kwa sababu hakuhitaji kujua kujigawa. Unakaa tu na kunyonga mpaka basi. Chagua kimoja, ubaki nacho. Mtu anayebadilisha kipimo kila mwezi hana anacholinganisha.

Na sasa sharti langu, na katika hili sitarudi nyuma: jipime mara moja kila wiki sita. Siku nyingine zote saa ikae kwenye mfuko wa mgongoni. Irekodi ikitaka, lakini usiione. Mwili haubadiliki kwa siku mbili, kwa hiyo anayejipima kila siku anapima usingizi wa jana na hali ya hewa ya leo.

Kuhusu kupanda kiwango, kosa lako naliona waziwazi: kila siku unakwenda kwa nguvu zote. Tafsiri yake ni kwamba hakuna hata siku moja unayokwenda kwa nguvu zote. Miguu iliyochoka ya Jumatatu inakwenda nayo Jumanne, na unabaki katikati: pagumu kiasi cha kukuchosha, lakini hapafiki ugumu wa kuubadilisha mwili. Mtafiti Stephen Seiler aliyewachunguza wanamichezo wa kiwango cha juu wa mbio ndefu, wakiwemo waendesha baiskeli, alikuta takriban vipindi 80 kati ya 100 vya mazoezi yao ni vyepesi. Ndiyo, vyepesi. Vyepesi maana yake unaweza kumsimulia mwenzako kisa kizima bila kukatika pumzi. Ukiwa peke yako, imba. Ukishindwa kumaliza mstari mmoja, punguza.

Wanaume wa umri wako huwa hawaniamini nikifika hapa, kwa hiyo nieleze kinachotokea ndani. Katika safari ndefu nyepesi moyo unajaa vizuri kila pigo na unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa mara moja. Maji ya damu yanaongezeka. Mishipa midogo kabisa inachipua kuzunguka nyuzi za misuli, na ndani ya seli za misuli vile viwanda vidogo vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu vinaongezeka idadi na ukubwa. Hayo yote hayahitaji uteseke. Yanahitaji saa nyingi, na saa nyingi zinamhitaji mtu ambaye bado anapenda kutoka. Umeona mahali raha inapoingia? Mimi raha siiweki pembeni kama kitamu cha baada ya kazi. Bila raha hutatimiza saa, na bila saa moyo haukui.

Kwa hiyo wiki yako iwe hivi: safari tatu au nne. Moja iwe ngumu kweli. Zilizobaki nyepesi, moja kati ya hizo ndefu kuliko nyingine. Kila wiki ya nne punguza karibu nusu.

Ile ngumu ina sura mbili, nawe zibadilishane. Sura ya kwanza ni dakika 4 kali mara nne, katikati ukinyonga polepole dakika 3. Kali hapa ni ile ambayo ungeweza kuongeza dakika moja tu, si zaidi. Sura ya pili ni mchezo. Miaka ya 1930 kocha mmoja wa Sweden, Gösta Holmér, aliwaanzishia wakimbiaji wake mazoezi yanayoitwa fatleki, neno ambalo kwa Kiswidi ni mchezo wa kasi. Hakuna saa. Unaona mti, unakimbilia mti. Unapumua mpaka ukijisikia, unaona kibao cha barabara, unakimbilia kibao. Kipando kifupi unakipanda umesimama juu ya pedali. Mteremko unauacha ukubebe. Moyo haujui kama uliitwa na saa au na mti. Utarudi umechoka vile vile, lakini sura yako mlangoni itakuwa nyingine.

Halafu mtafute mtu. Hata mmoja. Katika kundi ninalolifundisha, kila mwisho wa mwezi tunafanya mashindano ya kuchelewa: mita 50, wa mwisho kufika ndiye mshindi, ukikanyaga ardhi umetoka. Mara ya kwanza niliwaona watu wazima, mmoja mhasibu na mwingine nesi wa zamu za usiku, wamekaza macho, magurudumu karibu hayazunguki, hendeli zinatetemeka kushoto na kulia, wote kimya. Kisha mmoja akacheka na wote wakaanguka pembeni. Mhasibu yule alikuwa anaogopa kona. Miezi miwili baadaye alikuwa anakata kona kwa utulivu kuliko wote, kwa sababu mashindano ya kuchelewa yalimfundisha kuihisi baiskeli chini yake.

Jambo moja dogo la mwisho kwako: ile njia ya kilomita 30 iache kabisa kwa wiki sita. Ina deni lako. Kila nguzo yake inakukumbusha namba. Toka nyumbani upite upande mwingine, na ukiona kitu cha kutazama, piga breki.

SWALI: Kocha, nina miaka 58, ninaendesha mara tatu kwa wiki na ninajisikia vizuri. Mume wangu amesoma kwamba mapigo ya juu kabisa ya moyo ni 220 ukitoa umri, yaani mimi 162. Lakini kwenye kipando saa yangu inaonyesha 171. Sasa hataki nipande milima. Je, najiua?
Mama wa Baiskeli ya Buluu

JIBU: Dada yangu, mshukuru mume wako kwa kujali, kisha umsomee hapa. Hesabu ile ni makadirio ya wastani wa watu wengi. Watu wawili wenye umri mmoja na afya nzuri wanaweza kutofautiana mapigo 20 na zaidi, na hakuna aliye mgonjwa. Ikiwa moyo wako umefika 171 nawe uko sawa, inawezekana kabisa kikomo chako kiko juu ya 162, basi.

Angalia pia chombo. Saa ya mkononi husoma mapigo kwa mwanga unaopenya ngozi, na mkono unaotikiswa na hendeli huidanganya. Mkanda wa kifuani husoma vizuri zaidi. Azima mmoja ulinganishe.

Lakini kwa umri wetu sisi, kabla ya kipimo chochote cha kujisukuma mpaka mwisho, nenda kwa daktari apime presha na moyo. Hili sisemi kwa mazoea. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kurukaruka au pumzi isiyolingana na kazi unayofanya, hayo ni ya kusimama hapo hapo, kushuka, na kwenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama saa inaonyesha 120.

Kwa siku za kawaida usitegemee saa peke yake. Mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, alitengeneza kipimo cha jitihada kinachoanzia 6 na kuishia 20, kwa hisia ya mtu mwenyewe tu. Alikianzia 6 kwa makusudi: ukizidisha kwa 10 unapata makadirio ya mapigo ya kijana mwenye afya, 60 akiwa amepumzika na 200 akiwa ukingoni. Kwako kuzidisha huko hakutatoa namba sahihi, lakini hisia inabaki kweli. Safari zako nyingi ziwe kwenye 11 au 12, kipando kikufikishe 15 au 16. Kwa mwezi mmoja jipe namba kwanza, kisha ndipo uitazame saa. Utashangaa namna mwili unavyojijua.

SWALI: Mwezi uliopita nilifanya kipimo chako cha mlima. Nilikirudia Jumapili, nimekuwa nyuma kwa sekunde 14. Niongeze mazoezi?
Sekunde 14

JIBU: Usiongeze. Niandikie ulilala saa ngapi Jumamosi, jua lilikuwa wapi, na siku tatu zilizotangulia ulifanya nini. Joto peke yake hupandisha mapigo na kushusha nguvu, na miguu iliyobeba safari ngumu ya Ijumaa haiwezi kusema ukweli Jumapili. Pumzika siku nne, nyonga kidogo siku ya tano, rudia asubuhi kukiwa na ubaridi. Kama bado uko nyuma, na usingizi ni mbovu, na mapigo yako unapoamka yako juu kuliko kawaida, basi unahitaji wiki nzima nyepesi. Na hukungoja wiki sita, nimeona.

SWALI: Kocha shikamoo. Nina miaka 19. Rafiki yangu ananiacha kila mlima, lakini kwenye tambarare mimi ndiye ninayemwacha. Nani kati yetu yuko fiti zaidi? Mimi nina kilo 80, yeye 62.
Wa Mwisho Mlimani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kilo mlizoniandikia zinaeleza karibu kila kitu. Tuseme wewe una wati 250 na yeye 220. Mlimani kinachohesabika ni wati kwa kila kilo: wewe 3.1, yeye 3.5, amekuacha. Tambarare adui ni hewa, na mwili wako, ingawa ni mzito zaidi, haupigwi na hewa kwa kiasi kile kile cha tofauti ya uzito, kwa hiyo wati zako 30 za ziada zinakubeba. Kila mmoja ana mahali pake.

Usikimbilie kupunguza mwili kwa kujinyima. Kwa umri wako bado unajengeka, na njaa itakuibia nguvu kabla haijakuibia kilo. Tumieni tofauti yenu. Kwenye tambarare wewe kaa mbele, yeye akae karibu na gurudumu lako la nyuma, akiwa ameizoea baiskeli na nyote mnaonyesheana mashimo kwa mkono. Kazi yake itapungua sana, maana wewe unamkatia hewa, na ataweza kwenda nawe kasi ambayo peke yake haiwezi. Mlimani yeye atangulie kwa mwendo ambao wewe unaweza kuushika kwa shida, si ule wa kukupoteza. Nyonga ukitazama mgongo wake, sio juu mlima ulipoishia. Mkibadilishana hivyo kwa miezi miwili mnijulishe, na mniambie ni nani aliyekuwa wa kwanza kuomba mapumziko.